Mpaka wa Naitiri na Kitale: Ramani ya Michezo ya Shule na Watani Waliotenganishwa

Ukipanda matatu Naitiri asubuhi ukielekea Kitale, huwezi kuonyesha kwa kidole mahali ulipotoka Bungoma na kuingia Trans Nzoia. Mahindi ni yale yale kushoto na kulia. Kibukusu kilichokupandisha stejini ndicho kitakachokushusha sokoni. Mkulima wa Tongaren hununua mbolea Kitale, hutibiwa Kitale, huoza binti yake Kiminini, na hakuna anayemuuliza alivukaje.

Timu ya shule ndiyo huulizwa. Shule za Naitiri zimo katika kaunti ya Bungoma, na Bungoma hucheza kanda ya Magharibi. Shule za Kiminini na Kitale zimo Trans Nzoia, na Trans Nzoia hucheza Bonde la Ufa. Vijana ambao mama zao huuza nyanya kwenye meza zinazopakana hawakutani katika mashindano rasmi mpaka upande mmoja uwe bingwa wa Magharibi na wa pili bingwa wa Bonde la Ufa, kisha wote wafike fainali za kitaifa. Zipo shule chache zinazofika huko. Zilizobaki, na ndizo nyingi, huishi miaka arobaini karibu na jirani ambaye hazijawahi kumfunga wala kufungwa naye.

Kiswahili kina neno zuri kwa uhusiano ambao mpaka huu umeukata. Tunasema watani wa jadi. Mtani si adui. Katika mila zetu mtani ni mtu unayemjua hadi ndani ya nyumba yake, anayeweza kukutania msibani na usikasirike. Ndiyo maana jina hilo limekaa vyema kwa Yanga na Simba, klabu zilizozaliwa mwaka mmoja baada ya nyingine, 1935 na 1936, katika mitaa ile ile ya Kariakoo. Ndiyo maana pia mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards huitwa debi ya mashemeji: Mluo na Mluhya wameoleana vya kutosha kuzomeana bila kuuana. Utani wa uwanjani unahitaji mambo mawili tu, ujirani na kurudiarudia. Mgeni hawezi kuwa mtani wako, na mtu mliyekutana mara moja katika miaka kumi hawezi pia.

Wamarekani, ambao michezo ya vyuo kwao ni biashara kubwa kuliko ligi nyingi za kulipwa duniani, wamelipitia jambo hili kwa kishindo, na safari yao inatuhusu kuliko inavyodhaniwa. Vyuo vyao hucheza katika makundi yanayoitwa konferensi, ambayo zamani yalifuata jiografia. Konferensi ya pwani ya magharibi, iliyojulikana mwishoni kama Pac-12, ilikuwa na mizizi tangu 1915. Mwaka 2022 konferensi nyingine, Big Ten, ilitia saini mkataba wa televisheni wa zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba. Baada ya hapo jiografia ilikosa mtetezi. Kufikia Agosti 2024, vyuo kumi kati ya kumi na viwili vilikuwa vimehama Pac-12. Chuo Kikuu cha Washington, kilichoko Seattle, leo kimo kundi moja na Rutgers ya New Jersey, zaidi ya kilomita 3,800 kutoka kwake. Si wachezaji wa futiboli ya Kimarekani peke yao wanaosafiri hivyo. Wasichana wa voliboli, ambao mkataba ule haukuandikwa kwa ajili yao, husafiri pia na vitabu vyao mapajani.

Viwili vilivyoachwa nyuma vilikuwa Oregon State na Washington State. Hilo la pili si jina geni kwetu. Henry Rono, mtoto wa Nandi, alikuwa mwanafunzi wa Washington State mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Kabla yake, mwaka 1977, Samson Kimobwa wa chuo hicho hicho alikuwa ameivunja ya mita 10,000. Julius Korir alikuwa mwanafunzi wa huko aliposhinda dhahabu ya kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Chuo kilichowapokea vijana wetu wakati dunia haijajua kutamka majina yao ndicho ambacho hakuna konferensi kubwa iliyokitaka, kwa sababu kiko katika mji mdogo wenye televisheni chache. Rono alifariki Februari 2024, miezi michache kabla ya kundi alilokimbilia kusambaratika. Linajengwa upya kwa vyuo vingine kuanzia Julai 2026, lakini jina ni moja na majirani ni wapya.

Watani nao wakafuata mkondo huo. Oklahoma na Oklahoma State, waliokuwa wakikutana tangu 1904, walicheza Novemba 2023, Oklahoma State ikashinda 27 kwa 24, kisha wakaagana bila kujua watarudiana lini, kwa kuwa Oklahoma ilikuwa inahamia kundi lingine. Texas na Texas A&M walikuwa wameshatengana mwaka 2011; iliwachukua miaka kumi na mitatu kukutana tena. Lakini Washington na Washington State walifanya jambo ambalo nitalirudia: walipoona kundi limekufa, waliandikiana mkataba wa pembeni kwamba mechi yao itaendelea hadi 2028, konferensi ipende isipende.

Kule Marekani mstari ulichorwa na pesa. Kwetu ulichorwa na siasa za ardhi, tena kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwaka 1962, Kenya ikijiandaa kwa uhuru na katiba ya majimbo, Tume ya Mipaka ya Mikoa ilipita ikisikiliza maombi. Waluhya walipata mkoa wao, Magharibi, uliomegwa kutoka Nyanza. Kitale ndiyo iliyobaki kuwa mfupa kooni. Masinde Muliro na wenzake waliutaka mji huo uwe wa Magharibi. Viongozi wa Bonde la Ufa wakakataa, na mvutano huo ulikuwa ndani ya chama kimoja, KADU. Kitale ikabaki Bonde la Ufa. Upande wetu, mashamba ya walowezi ya Tongaren na kandokando yake yaligeuzwa skimu, watu wakagawiwa ploti. Ndugu mmoja alipata ploti skimu, mwingine akanunua hisa za shamba upande wa Kiminini, na watoto wa baba mmoja wakawa wa mikoa miwili.

Katiba ya 2010 iliondoa mikoa, na tangu 2013 tuna kaunti 47. Michezo ya shule haikuondoka huko moja kwa moja. Chama cha Michezo ya Shule za Sekondari, KSSSA, kiliongeza ngazi ya kaunti, lakini hapa kwetu juu ya ngazi hiyo kanda zikabaki zimevaa nguo za mikoa. Timu huanza zoni, ikapanda kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, na zilizo bora huenda mashindano ya Afrika Mashariki, yale ya FEASSA, ambayo Agosti 2025 yalifanyika Kakamega. Mkoa wa zamani wa Magharibi ulizaa kaunti nne: Kakamega, Bungoma, Vihiga na Busia. Bonde la Ufa ulizaa kumi na nne, kutoka Turkana hadi Kajiado. Bingwa wa kwetu anawashinda majirani watatu anafika taifa. Bingwa wa Trans Nzoia ana wenzake kumi na watatu. Timu ya Kitale ikipangiwa fainali za kanda Narok au Kajiado, hulala barabarani ilhali Bungoma Mjini ingefika na kurudi kabla ya chakula cha jioni.

Hesabu hiyo haiwaonei wa Trans Nzoia katika kila mchezo, lakini katika mbio inawaonea waziwazi. Twende Mlima Elgon, ndipo mstari huu unapoonekana ulivyo. Mlima ni mmoja, lakini Kapsokwony na Kapkateny zimo Bungoma, Saboti na Endebess zimo Trans Nzoia. Kijana wa Kisabaot anayekimbilia shule ya upande wa Bungoma huwania nafasi za kanda ya Magharibi, ambako wakimbiaji wa masafa marefu ni wachache. Binamu yake wa Saboti, mwenye mapafu yale yale na mwinuko ule ule, lazima apambane na Iten, Kapsabet na Eldoret kwa wakati mmoja. Anaweza kuwa miongoni mwa wakimbiaji bora wa rika lake nchini na asione kamwe uwanja wa fainali za kitaifa. Ben Jipcho, aliyepata fedha ya kuruka viunzi na maji Munich mwaka 1972, alitoka mlima huo, upande wa Bungoma. Sijui ni Jipcho wangapi wa upande wa pili waliorudi nyumbani kutoka fainali za kanda wakiwa wa tano, wakaambiwa wajaribu mwakani.

Kwenye kandanda mzani unainama upande wa pili. Timu ya Bungoma ikitaka kufika taifa lazima ipite Kakamega, na Kakamega ndiko kuna Musingu, na Kakamega High ijulikanayo kama Green Commandos, shule ambazo zimelea wanasoka wa klabu na timu ya taifa kwa miongo mingi. St Anthony's ya Kitale, Solidarity wenyewe, imekua na jina lake bila kulazimika kupita mlango huo kila mwaka. Kwa wasichana, Wiyeta ya Trans Nzoia na Archbishop Njenga ya Lugari ziko karibu kiasi kwamba zingeweza kuchezeana kila mwezi. Zikabaki kusubiri jukwaa la taifa.

Mchezo unaoniuma zaidi ni magongo. Friends School Kamusinga, iliyoko Kimilili, na St Anthony's, iliyoko Kitale, ni mbili kati ya shule zilizoshika magongo ya shule nchini. Barabara kati yao ni fupi. Wakikutana kwenye fainali za taifa, mara nyingi mji wa mbali, mashabiki wao wa kweli hawapo: wazazi wako shambani, wanafunzi wa zamani wako Kitale na Kimilili wakifuatilia matokeo kwenye simu. Mechi ambayo ingejaza uwanja wa kijiji chochote kati ya Kamukuywa na Kiminini huchezwa mbele ya walimu wa timu nyingine wanaosubiri zamu yao.

Hadi hapa nimezungumzia wakubwa. Hasara kubwa, naamini, iko kwa wadogo, na hapo ndipo tunapotofautiana na Wamarekani. Chuo chao, hata kile dhaifu kabisa, kina mechi kumi na mbili za futiboli kwa msimu. Kikifungwa leo, wiki ijayo kiko uwanjani. Ngazi yetu ni ya mtoano. Shule ya kutwa ya Naitiri huingia zoni, hucheza siku moja au mbili, hutolewa, na msimu wake umekwisha. Mlinda lango aliyefanya mazoezi tangu Januari ameguswa na mpira wa ushindani mara tatu. Nilisoma katika shule ya namna hiyo. Mwaka wangu wa mwisho tulitolewa kwa penalti kabla ya saa saba mchana, tukarudi kwa miguu, na jezi zikakunjwa hadi mwaka uliofuata. Hakuna aliyekuwa amefanya kosa. Ratiba ndiyo ilivyokuwa.

Fedha zinachangia. Serikali imeweka shilingi 22,244 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na humo 1,500 ni za shughuli za nje ya darasa. Shule yenye wanafunzi 400 ingepaswa kuona shilingi 600,000, iwapo zote zingefika na kufika kwa wakati. Humo hutoka michezo yote, drama, muziki na maonyesho ya sayansi, pamoja na michango ya kuendesha mashindano ya ngazi za juu. Kwa hiyo shule iliyotolewa zoni inasaidia kulipia safari ya aliyeitoa. Mwalimu mkuu akifanya hesabu hiyo, huamua mojawapo ya mambo mawili: kuacha michezo ijiendee, au kutafuta njia ya mkato ya kufika juu.

Njia ya mkato ni kusaka wachezaji. Shule zenye jina hupita vijijini, hadi mashindano ya shule za msingi, zikiahidi karo. Sikatai kwamba zimewasomesha watoto wengi wa maskini ambao vinginevyo wangebaki kuchunga. Nimewaona, na wengine leo ni walimu na askari. Lakini kila mshambuliaji mzuri wa Naitiri anapochukuliwa akiwa na miaka kumi na minne, timu ya Naitiri huwa nyepesi, mechi ya zoni huwa ya upande mmoja, watazamaji hupungua, na mwaka unaofuata mwalimu mkuu ana sababu zaidi ya kutotenga fedha. Vyuo vya Marekani vilivyohama vilikuwa vinakimbilia pesa. Huku kwetu shule haiwezi kuhama, kwa hiyo wanaohama ni watoto.

Sasa ramani inachorwa upya tena, na safari hii walioshika kalamu hawakuwa wakifikiria mpira hata kidogo. Desemba 2022 iliamuliwa kwamba sekondari msingi, Gredi ya 7 hadi ya 9, ikae katika shule za msingi. Kidato cha kwanza cha mwisho cha mfumo wa 8-4-4 kiliingia Januari 2024. Mwaka 2025 shule zetu za sekondari hazikuwa na kidato cha kwanza kabisa. Januari 2026 Gredi ya 10 ya kwanza iliingia, ikawakuta kidato cha tatu na cha nne, na kidato cha pili hakikuwepo. Majina ya zamani, shule ya kitaifa, ya kaunti, ya kutwa, yamepisha makundi ya C1 hadi C4, na mwanafunzi anaweza kuchagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo.

Uzito wake kwa michezo ni huu. Shule kama Kamusinga ilikuwa na miaka minne ya kumfundisha mtoto magongo, mchezo ambao wengi wao hawajawahi kuushika kabla ya kufika pale. Sasa ina mitatu, na anayefika ana umri mkubwa zaidi, mikono imeshazoea mambo mengine. Wa kandanda na voliboli hawataumia sana, maana mpira upo kila kijiji. Magongo, raga na mpira wa kikapu ndiyo itakayolia kwanza, kwa kuwa hiyo ni michezo ya shule zenye vifaa.

Kwa Naitiri, hata hivyo, ninaona mlango. Mtoto wa miaka kumi na mitatu ambaye zamani angechukuliwa mapema, leo anakaa nyumbani hadi Gredi ya 9. Miaka mitatu ya utundu wake wote wa miguuni inabaki katika uwanja wa shule ya msingi ya kijijini kwao. Tatizo ni kwamba mara nyingi uwanja huo una magoli ya miti na mwalimu wa sekondari msingi aliyeajiriwa kufundisha hisabati, akapewa na michezo kwa kuwa ni kijana. Kipaji kimerudishwa nyumbani, lakini aliyetayarishwa kukipokea bado ni mmoja peke yake na filimbi ya kununua mwenyewe.

Je, tuhamishe Trans Nzoia iwe kanda ya Magharibi? Wapo wanaolisema hili vibandani kila fainali zinapokaribia, na kwenye karatasi lina mantiki. Mimi siliungi mkono. Mtu wa hapa anajua kwamba mstari huu si wa chaki. Mapigano ya miaka ya 1990 yaliwatoa watu makwao Trans Nzoia na Mlima Elgon, na baada ya uchaguzi wa 2007 yakarudi. Ukisema Kitale ni Magharibi, hata kama unamaanisha ratiba ya voliboli, yupo atakayesikia sauti ya 1962 na kuuliza ardhi yake itakuwa ya nani. Isitoshe, St Anthony's ina watani wake wa miaka mingi Eldoret na Nandi. Ukiitoa huko unamponya mmoja kwa kumjeruhi mwingine, kosa lile lile la Marekani. Na mechi za Bungoma na Kakamega nazo zina haki ya kuendelea.

Ngazi ya ubingwa ibaki. Kinachokosekana ni mechi nje ya ngazi, na hizo hazihitaji tume. Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia tayari zinakaa meza moja katika Umoja wa Kiuchumi wa Kanda ya Ziwa, wenye kaunti kumi na nne. Trans Nzoia imo pia katika umoja wa Bonde la Ufa Kaskazini, na hakuna aliyeona kwamba kuwa kotekote ni usaliti. Magavana wanaweza kuketi pamoja kuzungumzia mahindi. Kamati mbili za kaunti ndogo, ya Bungoma Kaskazini na ya Kiminini, zinaweza kuketi pamoja kuzungumzia Jumamosi.

Ninazungumzia jambo dogo kabisa: shule nane, nne kila upande wa mpaka, kila moja icheze na zote saba nyumbani au ugenini, bila kombe la kwenda popote. Shule iliyotolewa zoni ingekuwa bado na mechi saba. Ziwemo za sekondari msingi, maana watoto wako pale sasa. Safari ndefu kuliko zote ingekuwa ya matatu mbili kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Timu ikifika Kiminini kutoka Naitiri, nusu ya wachezaji watakuwa na shangazi wa kuwapa chai kabla ya kurudi, na shangazi huyo atakuwa ameshangilia upande gani ni mazungumzo ya nyumba hiyo hadi msimu ujao.

Washington na Washington State waliweka tarehe kwenye mkataba wao: hadi 2028. Hapa kwetu walimu wawili wa michezo, mmoja Naitiri na mmoja Kiminini, wanaweza kuanza na muhula huu, kabla mvua kubwa haijafanya uwanja kuwa tope na kabla Gredi ya 9 hawajaketi mtihani wao.